Kitambaa Juu ya Kisanduku

Miaka mitatu Bi Mwatime alikifunika kisanduku chake cha intaneti kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, kwani fundi wa kampuni alimkataza kukigusa. Leo mwanawe anaoa ughaibuni, na picha ya harusi kwenye simu yake inakwamakwama.

“Kipindue, shoga,” alisema jirani yake, Mize. “Nywila imebandikwa chini.”

“Fundi alikataza!”

“Kwani fundi ndiye mumeo?”

Bi Mwatime akakipindua, akaiingiza nywila kwenye simu. Ikafunguka orodha ndefu ya vyote vilivyounganishwa: simu ya muuza maji, runinga ya mwalimu, simu ya Mize.

“Subhanallah! Mtaa mzima umo humu ndani?”

Mize akatazama dari.

Bi Mwatime akaweka nywila mpya. Alipopiga tena, uso wa mwanawe ukatakata hadi kope zikahesabika. Nje, milango ikaanza kufunguka, mmoja baada ya mwingine.