Baba Kijacho

"Usivute! Nimesema usivute, huyo ni mtoto, si gunia!"

Mkunga alifoka kwenye simu mpaka jirani wa chini akagonga dari. Alikuwa kwenye kochi, mguu wa kushoto umo ndani ya plasta hadi pajani, ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu. Binti yake akienda kazini alifunga mlango kwa nje na kuondoka na ufunguo, maana alimjua mama yake kwa ubishi, angejaribu ngazi.

Simu ilitoka nchi yenye vita, mbali, ng'ambo ya mipaka miwili, ila lugha ni moja. Kila siku mkunga alitazama taarifa ya habari, akalia, akamtukana kila aliyeonekana. Mwishowe akasikia wanatafutwa wakunga wa kupokea simu za wanawake waliokwama kule, akaandikisha namba yake. Binti alicheka. "Mama, wewe mwenyewe hata chooni unapelekwa!"

Leo saa nne asubuhi simu ya kwanza ikaita, na aliyepiga alikuwa mwanamume, ananong'ona. Wako kwenye stoo chini ya duka. Mwanamke ana uchungu tangu jana. Namba ameikuta imeandikwa ukutani kwa mkaa.

"Hakuna mama mwingine hapo?"

"Wapo watoto tu, na mzee mmoja haoni."

"Mimba ya ngapi hii?"

"Sijui."

"Hujui! Haya, baba kijacho, nawa mikono."

Miaka thelathini wodini, wanaume wa namna hii aliwazoea. Hawajui mimba ni ya ngapi wala ina miezi mingapi, lakini jina la mtoto wameshachagua. Huyu angalau alikuwa anatii. Alipoambiwa apige magoti, kitu kizito kikagonga sakafu.

"Nini hicho?"

"Nimetua mzigo."

"Kwa nini hamumtoi hapo mkampeleka hospitali?"

"Haiwezekani. Kuna askari mlangoni. Hatoki mtu."

"Mwambieni kuna mtu anajifungua!"

"Ameshaambiwa."

"Anasemaje?"

"Hajui aseme nini. Naye ana wakubwa wake."

"Basi mwambie nimesema mama yake alihangaika bure kumzaa. Mwambie hivyo hivyo!"

Mwanamke alipiga ukelele, na mkunga akaachana na askari.

"Mpe mkono aushike."

"Hataki nimguse."

"Mmegombana?"

"Ndiyo, mama. Tumegombana."

"Mtapatana baadaye. Mpe mkono!"

Ukelele wa pili ulisikika karibu zaidi, na mwanamume naye akaguna kwa maumivu. Mkunga akajua mkono umeshikwa.

Kichwa kikatoka. Halafu sauti ya mwanamume ikabadilika. "Mama, kuna kamba shingoni mwake. Amekuwa wa bluu."

Mikono ya mkunga, iliyopokea watoto wa nusu ya mtaa, ilikuwa imekumbatia mto wa kochi. Mtoto yuko kule, yeye amefungiwa huku, na katikati yao hakuna kingine ila mtu huyu asiyejua kitu. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kazini.

"Hicho ni kitovu," alisema, na safari hii hakufoka. "Ingiza kidole chini yake. Taratibu. Kipitishe juu ya kichwa, kama unavua mkufu."

"Vidole vinateleza."

"Viteleze tu, mwanangu, mradi viende."

Sekunde zilipita. Watoto walikuwa wanalia mahali fulani nyuma, mtu mzima akiwanyamazisha.

"Kimepita."

"Mwambie mama asukume. Wewe pokea tu."

Mtoto akatoka. Hakulia.

"Mfute mdomo na pua. Msugue mgongo kwa kitambaa. Kwa nguvu! Havunjiki!"

Mkunga alimsikia akisugua, akasikia na pumzi zake, akasikia anavyomsemesha mtoto kwa sauti ya chini: haya, haya, haya, tafadhali, haya. Kisha kikasikika kikohozi kidogo, na baada yake kilio kikali, kimejaa hasira. Mkunga akabubujikwa na machozi. Na yule mwanamume alikuwa analia waziwazi.

"Kitovu usikate, kiache hivyo. Mlaze kifuani kwa mama yake. Sasa vua koti uwafunike."

"Koti hili?"

"Kwani la harusi? Vua!"

Alivua. Mkunga akamruhusu avute pumzi, akamwambia hongera, akaomba apewe mama mtoto.

"Mama," sauti dhaifu ikasema. "Asante. Ni wa kike."

"Mungu amkuze. Damu inatoka nyingi?"

"Kidogo."

"Mnyonyeshe sasa hivi, itasaidia. Na mumeo usimnunie sana, mwanangu. Wengi huwa natamani kuwazaba vibao, lakini huyu wako ni mtu."

Mtoto alishaanza kunyonya, ilisikika milio midogo ya midomo.

"Mume wangu walimuua Jumanne," akanong'ona. "Huyu ndiye askari wa mlangoni. Anauliza sasa afanye nini."