Kijiko cha Bosi

"Nipe hicho kijiko," Bosi aliniambia.

Nilidhani ananitania. Kila Jumamosi mimi hujitolea kushinda na huyu kijana, Bosi kwa jina la utani tu, na wakati wa kula kijiko hukishika mimi, maana mikono yake inatetemeka tangu azaliwe. Lakini siku hiyo mkono wangu wa kulia ulikuwa umevunjika na kufungwa plasta, wa kushoto haujui kazi, na supu nilikuwa nimejimwagia kifuani kama mtoto.

Mama yake akainuka kunisaidia.

"Mama, kaa. Huyu ni mgeni wangu."

Akachota. Kijiko kiligonga bakuli, kikapaa, kikayumba, kikamwaga supu mezani, kikamwaga nyingine gotini kwangu. Bosi alikuwa ameng'ata ulimi, jasho likimtoka puani. Mama aling'ang'ania kiti chake kwa mikono miwili asije akanyanyuka.

Kilipofika mbele ya mdomo wangu kilikuwa na tone moja tu, tena limeshapoa.

Nikafungua mdomo.

"We dada, haraka ya nini?" akanifokea, kwa maneno yale yale ninayomwambia kila Jumamosi. "Puliza kwanza."

Nikapuliza taratibu, lile tone lisije likadondoka.