Miaka Tisa ya Kichocheo

Mkurugenzi alifika dakika kumi kabla ya wakati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamkuta mkemia anahangaika kutafuta kiti kizima.

Asubuhi hiyo mkemia alikuwa anatafuta kila kitu, hata miwani aliyokuwa ameivaa. Jaribio la leo likifeli, maabara inafungwa, watu sita wanarudi makwao, na miaka yake tisa inaingia kwenye boksi. Mkurugenzi alishamwambia hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

"Hebu nieleze kama mtoto wa shule," mkurugenzi alisema alipoketi.

"Gesi ya ethilini ni vipande vifupi, kaboni mbilimbili. Kichocheo changu kinaviunga: nne, sita, nane. Unapata mnyororo ulionyooka, usio na tawi. Watu wa sabuni na plastiki wanautaka huo huo."

"Mbona kwenye kiwanda chetu cha pili hakikufua dafu?"

"Wale hawafuati maelekezo."

Alijibu haraka mno. Jambo hilo lilikuwa linamuuma kama kiatu kipya.

Tangi lenyewe lilikaa nyuma ya ukuta wa zege, maana ethilini ikilipuka haiulizi nani ana shahada. Lilikuwa chuma kikuukuu, ambacho mkemia alikikuta hapo siku ya kwanza ya kazi. Nyuma ya ukuta huo alikaa fundi ambaye wote walimwita Ukuta. Gesi ikishafunguliwa anapigiwa simu na mkemia, anatia kichocheo, anaandika saa. Mtu wa maagizo haswa. Ukimwambia njoo, atakuuliza saa ngapi na dakika ngapi.

Saa nne kamili mkemia alifungulia gesi. Papo hapo mkurugenzi akauliza choo kiko wapi. Mkemia akamsindikiza mwenyewe, kwa kuwa mlango wa choo kile una vituko vyake na si vizuri bosi kufungiwa ndani siku kama hiyo.

Waliporudi, sindano ya geji ya presha ilikuwa imeanza kushuka. Gesi ilikuwa inaliwa. Siku zote sindano ilichukua robo saa na zaidi kabla ya kuanza kushuka.

"Leo kina njaa," mkemia alisema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Saa sita mashine ya vipimo ikatoa karatasi yake. Minyororo iliyonyooka: asilimia tisini na saba. Hawakuwahi hata kuikaribia namba hiyo. Mkemia alilia mbele ya watu, wala hakuona haya.

"Basi tunajenga," mkurugenzi alisema, akatia saini. "Kichocheo hiki, tangi jipya. Na lile kuukuu?"

"Likakatwe chuma chakavu," mkemia alijibu huku akijifuta machozi. "Tangi ni tangi tu, mkurugenzi. Kazi yote inafanywa na kichocheo."

Watu wa chuma chakavu walipigiwa simu palepale. Walisema wako njiani.

Mkemia na mkurugenzi walikuwa bado wameshikana mikono simu ya ukutani ilipolia. Alikuwa Ukuta.

"Samahani, dada, nasubiri simu yako tangu saa nne. Kichocheo nikitie sasa, au leo tumeahirisha?"