Kibandiko cha Asubuhi

Sheria haikuruhusu mzee yeyote aachwe asahau. Kila asubuhi alibandikwa shingoni kibandiko cha kuamsha asetilikolini, ile kemikali ambayo ubongo huitumia kushika kumbukumbu, na aliyemtunza ndiye aliyewajibika.

Leo Tausi alikichelewesha. Alikuwa ameketi mkekani, kati ya magoti ya mama mkwe wake, Bi Mkasi, aliyemsuka huku akimwita kwa jina la bintiye aliyefariki.

"Tulia, Maua wangu. Unarukaruka kama bisi!" Bi Mkasi akacheka. Tausi naye akacheka, machozi yakimlengalenga.

"Bado tu?" mumewe akauliza kutoka mlangoni. "Mama ana haki ya kukumbuka, Tausi."

Tausi akainuka, akambandika, akarudi kuketi. Vidole vikaendelea na msuko mmoja, wa pili, kisha vikasimama.

"Wewe!" Sauti ilikuwa imebadilika. "Nani kakuruhusu kuniegemea? Miaka yote hii hujamzalia mwanangu hata paka, leo unataka nikusuke?"

"Shikamoo, mama," Tausi akasema.

Akaenda jikoni kumtilia chai, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele timtim.