Boksi la Kumi na Mbili

Verlene aliomba kimoyomoyo risasi alizomuuzia Orrin ziwe hazikumridhisha. Dua gani hiyo kwa mwenye duka la bunduki! Lakini kila Jumamosi, kwa wiki kumi na moja, mgane yule mchimba visima alikuja kutafuta risasi za kujilindia, za bastola ndogo ya risasi tano, ile ya mtutu mfupi. Siku akizipata, atakuja kufanya nini tena? Mjane wa miaka sitini na mbili, na amependa kama msichana!

Basi kazi yake ikawa kutafuta kasoro. Mtutu mfupi ulimsaidia sana. Risasi hutoka bila kasi ya kutosha, ncha yenye tundu, inayotakiwa kuchanua ikigonga kitu, ikagoma kufunguka. Nyepesi hazizami. Nzito zinarusha mkono.

Kengele ya mlango ikalia. Orrin huyo, kanyoa, kofia mkononi.

"Enhe, zimekuwaje?"

"Bi Verlene, hizi kiboko! Nimetundika jinzi ya mikunjo minne mbele ya madumu ya maji, kama nguo za mwizi, nikapiga sita mfululizo. Zimefunguka kama maua."

Moyo ukamlipuka pu! "Zote?"

"Zote. Wala mkono haukushtuka."

Yamekwisha, Verlene akawaza. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. "Na moto wake je? Ukipiga gizani si utakupofusha?"

Uso mzima wa Orrin ukachanua. "Lahaula! Hilo sikulifikiria kabisa. Basi hazifai hata kidogo. Nipe nyingine."

Jamani! Verlene alitaka kucheza pale pale kaunta. Akashusha boksi la kumi na mbili, na kwa furaha ulimi ukamponyoka. "Safari hii usijaribu peke yako, Bwana Orrin. Kesho ilete hiyo bastola, tuipige wote hapo nyuma, halafu tule pai yangu ya njugu za pekani."

Kishasema! Mashavu yakamwaka, akajifanya anapanga maboksi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Orrin akaizungusha kofia, akaizungusha tena. Masikio yalikuwa mekundu.

"Pai nitakuja kula, tena mapema," akasema. "Ila hiyo bastola, Bi Verlene... itabidi uniuzie kwanza."