Jozi ya Tano Mlangoni

Kipande chenyewe cha halua hakikuzidi kidole gumba. Mama wa bibi harusi alimlisha Bi. Kidawa kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu, naye angekataaje? Kabla hajamaliza kumeza, bangili inayompima sukari ikawaka nyekundu.

Wagonjwa wa sukari wa zahanati ya mtaa walitibiwa kwa makundi ya watu watano. Sukari ya mmoja ikipanda mara tatu, kundi zima lilifungiwa dawa mpaka limtoe na kuingiza mwingine. Kwake hii ilikuwa mara ya tatu.

Saa kumi jioni wenzake wakapiga hodi. Aliwakaribisha ndani, akakimbilia jikoni kuteleka chai isiyo na sukari.

"Usijisumbue, dada," alisema Bwana Shekue, kiongozi wa kundi, macho yake yakiwa kwenye mkeka. "Tumekuja kukujulia hali tu."

Maneno hayo aliwahi kuyasikia nyumbani kwa marehemu Mzee Kombo, miaka miwili nyuma. Siku hiyo yeye Kidawa alikuwa mgeni tu. Alikunywa chai ya mzee, akaondoka na nafasi yake kundini.

Wenzake walikuwa wanne. Alichungulia mlangoni, akahesabu viatu vya wageni: jozi tano.

Aliporudi na sinia, binti asiyemjua, mwembamba, midomo imemkauka, aliinuka kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Bi. Kidawa, akammiminia chai yeye kwanza.