Bobini ya Jirani

Unageuza macho tena, ee Mungu, kama ulivyogeuza vibanda vyetu sisi wageni vilipochomwa. Sijasahau. Leo tazama.

Mafundi wawili wa kushona, wa mtaa wa Yeoville, wameketishwa kwenye cherehani mbili kiwandani. Nafasi ya kazi ni moja, na ni ya atakayetangulia kumaliza mashati kumi. Léocadie amebakiza pindo la mwisho. Mwenzake, jirani yake, vilevile.

Miaka sita walishindana kibarazani kwao huku wakitaniana, na ndivyo mikono yao ilivyopata kasi hiyo. Kila asubuhi, hata leo, kila mmoja alijaza bobini mbili za uzi, moja yake, moja ya jirani akiishiwa.

Ukutani kuna picha ya Kihindi. Miungu wameshika mkia wa nyoka, mashetani kichwa, wanavutana kuisukasuka bahari itoe maji ya uzima.

"Lakini sumu ndiyo iliyotangulia kutoka," mwenye kiwanda aliwaeleza walipoingia, akicheka. "Mungu wao Shiva akainywa wengine wapone. Ona koo lake lilivyogeuka bluu."

Cherehani ya jirani inanyamaza ghafla.

"Léo, dada, uzi umeniishia! Nipe ile yangu!"

Bobini imo mfukoni mwa aproni, inamgandamiza pajani. Léocadie anaona lile koo la bluu ukutani, anainamisha kichwa. Mguu wake unazidi kukanyaga pedeli.

"Eish, Léo! Hunisikii?"

Wewe unamsikia. Pindo limebaki shibiri moja. Inuka, ishike cherehani ya Léo isimame. Sasa hivi!